Programu nzuri bila njia ni mbegu iliyolala ghalani

Leo ninawaletea historia ya kitu ambacho wengi wetu tunakitumia mwaka wa memwari, lakini hatujiulizi kilipita njia gani mpaka kikafika mu kompyuta zetu. Ni historia ya viongezeo vya programu huria: zile paketi ndogo tunazochomeka ndani ya R ama ndani ya QGIS, ili programu ifanye kazi ambayo peke yake haiijui.

Kwa wale wa sheria na wa lugha, nieleze mara moja. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake, yaani kodi waliyoandika waprogramu, yako wazi: kila mtu ana haki ya kuyasoma, kuyabadilisha na kuyagawa. Kiongezeo ni kipande kinachoandikwa na mtu mwingine, mara nyingi mtu ambaye hakushiriki kabisa kutengeneza programu yenyewe. Yeye ana shida yake mu kazi yake, anaandika dawa yake, kisha anaigawa.

Tukisifu programu huria, tunasema mara nyingi kwamba ni ya bure na kwamba iliandikwa na watu wenye akili. Ni kweli. Lakini mimi naona sifa kubwa iko fasi ingine: iko mu njia. Namna paketi inafungwa, inapimwa, inawekwa ghalani, na inafika kwa mtu ambaye mwandishi hatamjua maisha yake yote.

Sisi wa agronomia tunapashwa kuelewa hii haraka kuliko wengine. Kule Yangambi, tangu INEAC ilipoundwa mwaka 1933, na baadaye chini ya INERA, watafiti walichagua na kuboresha aina za mimea. Lakini mbegu nzuri iliyobaki kituoni haishibishi mtu. Inahitaji kuzidishwa, kuwekwa mu mfuko wenye etiketi, kupimwa na SENASEM, na kupata barabara. Bila hayo, mkulima anapanda kile anachopata sokoni, na kama haikuota hajui amuulize nani. Programu njo vile vile. Sasa tuone wenzetu walijenga njia yao namna gani, juu kuna somo letu ndani.

1. Wakati kila mtu alikuwa na ghala lake

Miaka ya 1980, mtu aliyeandika kipande kizuri cha programu alikuwa na njia chache za kukigawa: utepe wa sumaku ndani ya bahasha, disketi, ama kukiweka mu seva ya univerisite yake na kungoja wenzake wakione. Kati ya watu walioona shida hii mapema ni watumiaji wa TeX, programu ya kupanga kurasa za vitabu ambayo Donald Knuth, profesa wa Stanford kule Marekani, alianza kuitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1970. Wanahisabati waliipenda sana, na kila mmoja aliandika nyongeza yake: huyu kwa fomula zake, yule kwa herufi za lugha yake. Nyongeza zikawa nyingi, lakini zikatawanyika. Ungeweza kupata toleo la zamani mu seva moja na toleo jipya mu seva ingine, bila kujua lipi njo la kweli.

Kuanzia 1992 wakaunda CTAN, ghala la nyongeza zote za TeX. Wazo lilikuwa rahisi: vitu vyote fasi moja, mu mpangilio mmoja, na nakala kamili za ghala hilo mu nchi mbalimbali. Nakala hizo wanaziita vioo, juu kila moja inaonyesha sura ileile ya ghala kubwa. Kioo kimoja kikizimika, kingine kinakutumikia. Ukiwa mbali na kimoja, unachukua ku kile cha karibu.

Wazo likahamia kwa majirani. Larry Wall alikuwa ametoa lugha ya Perl mwaka 1987, na toleo la 5, lililotoka mwezi wa 10 mwaka 1994, lilifungua mlango kwa moduli: mtu anaandika kipande, mwingine anakichomeka bila kugusa Perl yenyewe. Mwaka uliofuata, 1995, CPAN ikafunguliwa, ghala la moduli za Perl lililoiga CTAN mpaka ku jina.

Hapo kuna jambo la kuangalia. Kugawa kipande kwa rafiki unayemjua hakuhitaji etiketi, juu anaweza kukuuliza. Kugawa kwa watu elfu ambao hawakujui kunahitaji kuandika ku mfuko kila kitu ambacho wangekuuliza. Sheria zote za kufunga paketi zilitoka mu ile shida.

2. Toka Auckland mpaka Vienna

Tuingie sasa kwa R, ile inayotuhusu zaidi. Mama yake ni lugha ya S, iliyozaliwa mwaka 1976 mu maabara za Bell kule Marekani, chini ya John Chambers na wenzake. S ilipata umbo la biashara lililoitwa S-PLUS, na ilikuwa ya kulipia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, walimu wawili wa statistiki ku Univerisite ya Auckland, Nyuzilandi, Ross Ihaka na Robert Gentleman, wakaanza kuandika lugha yao inayofanana na S, ili wafundishie wanafunzi wao. Majina yao yote mawili yanaanza na R, na wakaiita hivyo.

Mwaka 1995, Martin Mächler wa Zurich akawashawishi waitoe chini ya leseni ya GPL, ile inayosema: chukua, soma, badilisha, gawa, lakini ukigawa kazi iliyojengwa juu ya hii, na wewe uiache wazi. Watu wakaanza kutuma marekebisho kutoka pande zote za dunia. Na kama kwa TeX, kila mmoja akaanza kuandika nyongeza.

Tarehe 23 mwezi wa 4 mwaka 1997, Kurt Hornik akatangaza CRAN, ghala la R, alilolijenga pamoja na Friedrich Leisch kule Vienna, Austria. Jina ni mtoto wa CTAN na CPAN. Siku ya kwanza ghala lilikuwa na paketi 12 na vioo 3. Paketi 12 tu, wenzangu. Mwanzoni mwa mwaka 2017 zilipita 10,000.

Sasa angalieni tarehe ingine. R toleo 1.0.0, lile ambalo wenyewe walisema sasa linafaa kwa kazi ya kweli, lilitoka tarehe 29 mwezi wa 2 mwaka 2000. Maana yake, ghala lilijengwa karibu miaka mitatu kabla programu yenyewe haijatangazwa kuwa imekomaa. Barabara ilitangulia gari. Kwetu tumezoea kinyume: tunanunua mashine, tunaileta kwa sherehe, kisha tunatafuta nani ataitengeneza na vipuri vitapita wapi.

Tena kuna jambo moja linalonifurahisha kama mtu wa mashamba. Friedrich Leisch, aliyeaga dunia mwaka 2024, alikuja kuwa profesa wa statistiki ku BOKU, univerisite ya kilimo na maliasili ya Vienna. Kwa hiyo mmoja wa wajenzi wa lile ghala alifundisha mu nyumba ya watu wa udongo na misitu, watu kama sisi.

3. Ndani ya mfuko kuna nini

Tufungue sasa mfuko wenyewe. Paketi ya R, ukiitazama kabla haijafungwa, ni dosye ya kawaida yenye mpangilio maalum. Kuna dosye ndogo inayoitwa R, ndani yake kodi. Kuna ingine inayoitwa man, ndani yake maelezo ya kila kazi ambayo paketi inafanya. Mara nyingi kuna ya data, yenye mifano ya takwimu. Na kuna faili moja inayoitwa DESCRIPTION, ambayo mimi ninaiita etiketi ya mfuko.

Ku etiketi ile wanaandika: jina la paketi, namba ya toleo, maelezo mafupi, waandishi, leseni, paketi zingine ambazo hii inazitegemea, na mtu mmoja anayeitwa mlezi pamoja na anwani yake ya barua-pepe. Mlezi lazima awe mtu. Hata kama kazi ilifanywa na watu kumi, anatafutwa mmoja wa kujibu.

Linganisheni na mfuko wa mbegu zilizothibitishwa: aina, loti, mwaka, mzalishaji. Mkulima hamjui mzalishaji, lakini mbegu isipoota anajua wa kumuuliza. Jina la mlezi ku DESCRIPTION linafanya kazi ileile.

Kisha dosye inafungwa kuwa faili moja, na inapitia kipimo. Kuna amri inayoitwa R CMD check ambayo kila mwandishi anaweza kuiendesha mwenyewe nyumbani kabla ya kutuma. Inaangalia kama paketi inakubali kuwekwa, kama kila kazi ina maelezo yake, kama mifano iliyoandikwa inaenda kweli bila kukwama, kama zile paketi ilizotaja zipo. Mwandishi akituma ku CRAN, inapimwa tena huko, na paketi mpya inapita mbele ya macho ya watu wa kujitolea. Ikikosa, inarudishwa.

Ikikubaliwa, kuna kazi ingine tunayoisahau. Wengi wetu tuko ku Windows, na hatuna vifaa vya kugeuza kodi kuwa programu inayotembea. CRAN inafanya kazi hiyo kwa niaba yetu: Uwe Ligges, wa univerisite ya Dortmund kule Ujerumani, amejulikana miaka mingi kama mtu wa paketi za Windows. Wewe unaona faili ya zip imeshatayarishwa, unabonyeza, imekwisha. Nyuma ya ile «imekwisha» kuna mtu.

Na kazi haiishi siku ya kukubaliwa. R inatoa matoleo mapya, na paketi zinapimwa tena na tena. Ikianza kukwama, mlezi anapata barua na siku za kurekebisha. Asipojibu, paketi inatolewa ghalani na kupelekwa mu hifadhi ya zamani. Haifutwi, matoleo yake yanabaki pale na mtu anaweza kuyachukua kwa mkono. Lakini kwa amri ya kawaida haipatikani tena, na paketi zilizoitegemea nazo zinaingia mu hatari.

Watu wengi wanalalamika kwamba CRAN ni wakali. Mimi naelewa lalamiko lao, ila nauliza: mwanafunzi wa Butembo, asiyejua kusoma kodi, anaitumainia paketi kwa sababu gani? Ni juu ya ule ukali.

4. Paketi iliyotoka Lima

Wengi wanafikiri njia hii inaenda upande mmoja tu: wa Ulaya na Marekani wanatuma, sisi tunapokea. Kwa hiyo nataka kuwaambia habari ya agricolae.

Wa agronomia munaijua. Ukitaka kupanga jaribio la vitalu kamili vilivyochanganywa kwa bahati, unaita design.rcbd, nayo inakupa mpango wa parseli zako. Ukimaliza ANOVA na unataka kujua ni aina gani ya maharagwe inashinda ingine, unaita HSD.test kwa Tukey ama LSD.test, nayo inakupa zile herufi a, ab, b ambazo jury inazitafuta ndani ya tablo. Ukifuata ugonjwa wiki kwa wiki, audpc inakuhesabia eneo chini ya mkondo wa ugonjwa. Kwa mtu anayepima mildiu ya viazi kule Lubero ama Masisi, kazi ya siku mbili inakuwa mstari mmoja.

Aliyeandika agricolae ni Felipe de Mendiburu, wa Peru. Wazo lilitoka mu tezi yake ya masta kule Lima, ku Univerisite ya Taifa ya Uhandisi, iliyohusu chombo cha statistiki kwa utafiti wa kilimo. Mu takwimu za mfano zilizo ndani ya paketi kuna za CIP, kituo cha kimataifa cha viazi, ambacho nacho kiko Lima. Munaona mambo yenyewe: tezi ya mwanafunzi, mu nchi ya viazi na milima, ikawekwa mu mfuko wenye etiketi, ikapita kipimo cha Vienna, na leo inahesabu viazi vya Kivu.

Ni tezi ngapi za masta zilizoandikwa mwaka ule, Lima na Lubumbashi na Paris, zikawekwa ku rayoni ya biblioteki na hakuna aliyezifungua tena? Sitaki kusema zilikuwa mbaya. Nyingi labda zilikuwa nzuri kabisa. Ile ya Mendiburu ilipata mfuko na njia, njo sababu tuko tunaitaja leo.

Na hapa ninaomba kitu kidogo. Ukitumia agricolae mu memwari yako, usiandike tu «tulitumia R». Andika ndani ya R: citation("agricolae"). Itakupa marejeo kamili ya kuweka ku bibliografia, na jina la mtu aliyekufanyia kazi. Wao hawatuombi franka hata moja. Jina lao tuliandike basi.

5. Ndugu yake wa ramani

Wale wa misitu na wa jiografia watasema: na QGIS? Njia yake ni ya familia ileile, lakini mlango wake uko wazi zaidi. Gary Sherman aliianza mwaka 2002 kule Alaska, kwanza kama chombo cha kutazama ramani tu. Baadaye ikapokea viongezeo vilivyoandikwa kwa lugha ya Python, na hapo ikakua haraka, juu mtu hakuhitaji tena kuwa fundi mkubwa wa C++ ili kuongeza kitu chake.

Kiongezeo cha QGIS ni dosye iliyofungwa kama zip. Etiketi yake inaitwa metadata.txt: jina, toleo, mwandishi, maelezo, na toleo la chini la QGIS ambalo linaikubali. Mwandishi anaweza kuweka alama kwamba kiongezeo bado ni cha majaribio, na QGIS haitakuonyesha vile vya majaribio mpaka wewe mwenyewe uruhusu. Ni uaminifu mzuri: anauza mbegu na anasema wazi kwamba haijathibitishwa.

Mfano ni kiongezeo cha Luca Congedo cha kuainisha picha za setelaiti, ambacho kinasaidia kutofautisha msitu, shamba na kijiji ku picha ileile. Wengi wanaofanya memwari juu ya ukataji wa misitu wamepita pale. Na QGIS ina mlango mmoja unaotufaa sana: unaweza kuweka kiongezeo kutoka ku faili ya zip iliyo mu flashi, bila konekisio.

6. Siku njia ilipokatika

Nisiwadanganye kwamba njia hizi hazina mashimo. Mwaka 2016, mwezi wa 3, mwandishi mmoja aligombana na npm, ghala la paketi za JavaScript, juu ya jina la paketi yake moja ambalo kampuni ilikuwa inalidai. Kwa hasira akaondoa paketi zake zote, zaidi ya 270. Moja yao iliitwa left-pad. Ilikuwa na mistari 11 tu, na kazi yake ilikuwa kujaza nafasi upande wa kushoto wa neno. Lakini paketi nyingi zilitegemea zingine zilizoitegemea ile, na siku hiyo kazi za waprogramu zikakwama dunia nzima, mpaka npm ilipoirudisha na baadaye kubadilisha sheria za kuondoa paketi.

Mwaka 2018, mu ghala lilelile, kukawa tukio baya zaidi. Paketi event-stream ilikuwa imeandikwa na mtu aliyekuwa ameshachoka kuilea. Mgeni mmoja akajitolea kumsaidia, akapewa funguo, kisha akaingiza ndani kitu cha kuiba pesa za kidijitali za watumiaji wa programu moja ya Bitcoin. Mfuko ulikuwa uleule, etiketi ileile, lakini mbegu ya ndani ilibadilishwa.

Mafunzo ni mawili. La kwanza: kitu kidogo sana kinaweza kuwa msumari unaoshika nyumba nzima, na hakuna anayejua mpaka siku kinaondolewa. La pili: mlezi akichoka peke yake, njia yote iko mu hatari. Programu huria iko huru kwa yule anayeitumia. Kwa anayeilea ni jioni zake, usingizi wake, na barua za watu wasiosema hata asante.

7. Sisi tuko wapi mu historia hii

Sasa tuje nyumbani. Njia yetu ya kugawa programu munaijua: flashi. Inatoka kwa mkubwa wa promosyo ya mbele, inapita kwa kumi, na ndani yake kuna programu ya statistiki ya kulipia ambayo leseni yake imevunjwa. Nimeona vile mu promosyo zaidi ya moja. Mfuko hauna etiketi. Nani aliufungua? Aliweka nini ndani? Ni toleo gani? Siku inakataa kufunguka, wiki moja kabla ya kudepoze, hakuna mlezi wa kuandikia. Na virusi vinavyokuja pamoja nayo vinakula mpaka memwari yenyewe.

Mtu atanijibu: «Ndugu, hiyo CRAN yako inataka konekisio, na mega ni ghali.» Ni kweli. Lakini historia niliyoeleza inaonyesha kwamba njia hii ilifikiriwa tangu mwanzo kwa nakala. Kioo ni nini, kama si nakala ya ghala karibu na watu? Leseni inaturuhusu kuigawa, hatumwibii mtu. Flashi yenyewe haina kosa, kosa liko ndani ya mfuko unaobebwa.

Namna ya kufanya ni hii. Mtu mmoja mwenye konekisio nzuri anapakua R, kisha paketi ambazo promosyo inazihitaji, pamoja na zote zinazotegemewa nazo. Hapo watu wengi wanakwama: wanabeba agricolae peke yake, wanafika nyumbani, R inasema paketi fulani haipo. Kwa hiyo unaziweka zote ndani ya dosye moja na unaita kazi inayoitwa write_PACKAGES, ya paketi tools inayokuja na R. Inasoma etiketi zote na kuandika orodha. Ile dosye sasa imekuwa ghala dogo, na R inaweza kuchukua ndani yake bila intaneti, kwa mpangilio wake yenyewe, ile inayotegemewa kwanza. Sharti moja: kompyuta zote ziwe na toleo moja la R, juu paketi za Windows zinatayarishwa kwa kila toleo kubwa mbali. Diski moja ya nje inaweza kutumikia fakilte nzima, na inaandikwa ku etiketi: tarehe, toleo la R, na jina la mwanafunzi anayeilea mwaka huu.

Lakini mimi sitaki tuishie ku kupokea. Kwetu kuna takwimu ambazo hakuna mwingine anazo. Kuna mtu alihesabu mnyauko wa bakteria wa migomba kijiji kwa kijiji, mwingine alipima mozaiki ya muhogo misimu miwili, mwingine alipima udongo wa vilima ambavyo hakuna mtafiti wa nje amepanda. Zile namba ziko wapi leo? Ziko mu faili ya Excel mu kompyuta iliyokufa, na mu memwari yenye ganda gumu, ku rayoni, yenye vumbi. Jury ilisema «distinction», tukapiga picha, imekwisha. Anayekuja nyuma anaanza tena ku sifuri, mu shamba lilelile, ku ugonjwa uleule.

Paketi ya R inaweza kubeba takwimu tu, bila kodi nyingi, pamoja na maelezo ya kila safu: ilipimwa wapi, lini, kwa kifaa gani. Haihitaji mtu awe fundi wa kompyuta. Inahitaji nidhamu ileile ya kuandika etiketi ya mbegu, na sisi tulifundishwa ile nidhamu kwa miaka mitano. Nani atakuwa mlezi? Hilo njo swali gumu, juu mlezi anabaki baada ya sherehe kwisha. Kwa hiyo nasema wasiwe mmoja mmoja. Promosyo ichague wawili, mmoja anayemaliza na mmoja anayebaki, na funguo zipite kwa mkono kila mwaka, mbele ya watu, kwa mtu anayejulikana. Historia ya event-stream imetuonyesha bei ya kuzipitisha gizani.

CRAN ilianza na paketi 12. Mu chama chetu tuko zaidi ya watu 12, na kila mmoja ana memwari nyumbani. Tuanze na moja: yule ambaye bado ana faili yake ya takwimu, aitafute jumamosi hii, aifungue, na aandike pembeni ya kila safu maana yake, kabla hajasahau.